Mgeni Ndani ya Kompyuta

Marehemu mke wangu alikuwa akitunga nyimbo za kwaya kwenye kompyuta yetu ya zamani. Baada ya kumzika, nayo ikafa. Nyimbo zilibaki kwenye flashi, na kompyuta mpya ilikataa kuzifungua. Fundi mmoja wa kike wa mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, akaniambia dawa ni kuweka mfumo wa uendeshaji wa zamani ndani ya huu mpya. Mpya ni mwenyeji, wa zamani ni mgeni. Hayo niliyaelewa.

Nikaanza mwenyewe nyumbani. Kompyuta ikauliza mgeni apewe memori kiasi gani. Kwetu mgeni hulala kitandani, wenyeji wakalala chini, kwa hiyo nikampa yote. Mstari wa kipimo kwenye skrini ukageuka mwekundu, nikaupuuza. Kila kitu kikaganda, hata mshale. Nikazima, nikarudia, kikaganda tena. Nilitamani kuitupa migombani.

Nikampigia fundi.

"Baba, mgeni umempa memori kiasi gani?"

"Yote."

Akacheka. "Sasa mwenyeji apumulie wapi? Mpe nusu."

Nusu ilikubali. Jioni nyimbo zikafunguka, nota zote kama alivyozipanga mke wangu, lakini sauti haikutoka. Nikapiga tena simu. Fundi akasema mgeni bado hajawekewa programu ya spika, niipeleke kompyuta dukani kwake kesho.

Mimi nota sijui kuzisoma. Nilikaa nikizitazama tu mpaka chaji ikaisha.