Gimbal ya Mume Wangu na Sauti ya Baba

Mume wangu anauza bima mjini Nakuru, na kwa miaka mingi wazimu wake ulikuwa magari ya watu wengine. Angesimama kando ya barabara akitaja injini ya kila gari lililopita, mimi nimebeba unga na sukari. Kisha akanunua droni. Nilimshukuru Mungu kwamba angalau sasa angetazama juu. Sikujua kwamba baada ya droni ingekuja gimbal.

Kwa wale ambao hawakuolewa na mtu wa aina hii, gimbal ni kile kishikio kidogo kilicho chini ya droni, kinachobeba kamera. Kina vimota vyake. Droni ikiyumba huku, chenyewe kinaipindua kamera kule, ili picha itulie. Haya nimeelezwa mezani, kitandani, na mara moja mazishini. Majirani zetu wa Bondeni nao walielezwa, wakaitikia kwa adabu mpaka siku alipokirusha chombo chake juu ya ua tunapoanika nguo. Mama mmoja aliyekuwa amejifunga leso tu alikitupia slipa. Jioni mume wangu alinionyesha video hiyo huku amejaa furaha.

"Ona slipa ikikuja," aliniambia. "Na picha haijatingika hata kidogo!"

Mimi nilikuwa na shida ya kweli. Baba yangu, kule shambani Njoro, alikuwa na uvimbe kooni, na daktari alituambia wazi kwamba watakata sehemu inayotoa sauti. Angepona, lakini asingesema tena. Na baba ni mtu wa maneno. Alikuwa akiongea na ng'ombe, na redio, na mvua inapokataa kunyesha. Nilitaka kumrekodi kabla ya upasuaji, atembee shambani akisimulia: nyumba ya mzungu ilisimama wapi, yeye na mama walijenga wapi kibanda chao cha kwanza shamba lilipogawanywa, na mimi nilipotea wapi ndani ya ngano nikapatikana nimelala. Hadithi angeweza kuniandikia hata baadaye. Nilichotaka ni sauti yake, na simu yangu ingetosha kabisa.

Bahati mbaya nililisema jambo hilo mbele ya mume wangu.

"Simu?" aliuliza, kama nimemtukana. "Mama, unataka mzee akae ni kama amerekodiwa juu ya trekta? Hiyo ni kazi ya gimbal."

"Na sauti je?"

"Sauti ni kitu kidogo. Si kila video yangu iko na sauti?"

Ilikuwa kweli. Kila video aliyowahi kunionyesha ilikuwa na gitaa tamu. Hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza gitaa hilo lilipigwa na nani juu ya mabati ya Bondeni.

Siku ilipofika, baba alivaa koti lake la kanisani. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, lakini bado ilikuwa yake. Nilitoa simu nikaanza kumfuata ubavuni. Mume wangu, rimoti ikining'inia shingoni na miwani ya jua usoni ingawa kulikuwa na mawingu, alinifukuza kama kuku aliyeingia jikoni.

"Mama, toka kwa picha! Unaharibu!"

Nilirudi barazani, nikaitia simu mkobani. Nikikumbuka bado nakasirika, na hasira hiyo sina mpango wa kuiacha.

Baba alitembea peke yake kando ya ngano. Kwa mbali nilimwona akinyoosha fimbo, akisimama, akicheka, akifuta macho, droni ikivuma juu yake. Hapo barazani, mama alikuwa akichukua video yake kwa simu, awatumie akina mama wa kanisa waone ndege ya mkwewe. Mama hushika simu kwa mikono miwili, na kidole gumba hukiweka palepale kwenye kamera.

Mwishowe mume wangu alitaka picha ya kufungia kazi. Droni ingeshuka nyuma ya ng'ombe, hapo karibu na nyumba, kisha ipande polepole mpaka baba aonekane. Ng'ombe hawakuelezwa mpango huo. Waliangusha ua, wakaingia kwenye kabichi za jirani, na baba akaja mbio mpaka mbele ya baraza.

Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Tangu harusi, baba alikuwa amezungumza na mume wangu kwa upole wa mtu anayesoma matangazo kanisani. Siku hiyo upole wote uliisha.

"Wewe! Toa hiyo takataka kwa ng'ombe zangu! Nitaipiga na fimbo, na wewe pia!"

Baba alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na kitambaa shingoni. Jumapili moja tulikusanyika sebuleni, mume wangu akaunganisha video yake na televisheni. Ilikuwa imetulia, siwezi kumnyima hilo. Ngano ilipendeza. Baba alionekana vizuri, mdomo ukifunguka na kufungika. Na gitaa lilikuwepo.

"Zima muziki," nilimwambia.

Akauzima. Hatukusikia kitu. Akabonyeza hapa na pale, jasho likimtoka puani, kisha akakiri kwa maneno ya kukatakata: droni haina maikrofoni, na gitaa lile huwekwa na programu iliyo kwenye simu yake. Kwenye televisheni baba alikuwa akitueleza jambo kwa bidii.

"Lakini haitingiki," alisema mume wangu, kwa sauti ndogo.

Nilitoka nje nikaenda kulia kando ya zizi. Nikiwa huko nilimsikia baba akifoka ndani ya nyumba. Nilirudi mbio. Mama alikuwa ameikumbuka ile video yake. Ukiitazama ni sketi, vumbi, kidole gumba, na mawingu yanayopinduka mpaka unasikia kichefuchefu. Lakini baba yumo mzima, na mkwaruzo wake, na pumzi ya kukimbia. Tuliirudia mpaka simu ikaisha chaji. Baba alicheka bila sauti, mabega yakiruka, na mimi nililia tena.

Mume wangu alisema kuna programu ya kuituliza video kama hiyo. Nilimwambia aiguse aone.

Siku hizi simu ya mama hukaa mfukoni mwa baba. Wajukuu wakija huwapungia mkono, mimi hunishika kichwa. Mume wangu akitokea langoni, baba huitoa, huitafuta ile video kwa kidole chake kinene, na kuinua simu juu.

"Wewe! Toa hiyo takataka kwa ng'ombe zangu!"

"Ndio, mzee," mume wangu hujibu, akivua kofia.