Akili za Baba Baada ya Kuanguka

Miaka michache baada ya Uhuru, baba alianguka kutoka juu ya lori la viazi huko Kuresoi. Nilikuwa darasa la sita. Alilazwa Nakuru majuma kadhaa, akarudi anatembea vizuri, ila watu wakaanza kusema akili zimemtoka. Ukimwambia afunge ng'ombe, alete kuni, kisha aje ale, alikuja moja kwa moja kula. Ng'ombe walishinda kwenye mahindi.

Siku moja baba mdogo alimwambia mama, baba akiwa ameketi papo hapo, kwamba shamba litafutiwe msimamizi. Mama hakubisha wala hakukubali. Alisema wangoje kwanza warudi kliniki.

Nilipelekwa ili nitafsiri Kiingereza, lakini daktari alikuwa Mhindi mzaliwa wa Nakuru na Kiswahili chake kilitutosha, kwa hiyo nilikaa nikatazama. Alimwambia baba aguse sikio, kisha meza, kisha afumbe macho. Baba akafumba macho, basi. Daktari akapanga umbo kwa vibao vya rangi, akalifunika, akampa baba vibao vingine. Baba akalipanga vilevile bila kusita. Akapewa jingine gumu zaidi, nalo akalipanga.

"Mama, akili si kitu kimoja," daktari alisema. "Maneno yakifuatana yanampotea. Lakini anachokiona kwa pamoja anakishika. Usimwambie, mwonyeshe."

"Hata mambo ya shamba?"

"Hata ya shamba."

Kabla ya mvua mama alipanga mawe uani kama ramani ya shamba: hili viazi, hili mahindi, hili pareto, hili malisho. Baba aliyatazama kwa muda, akabadilisha nafasi za jiwe la viazi na la malisho. Baba mdogo alikuwapo, akauliza sababu. Baba alihangaika kutafuta maneno mpaka jasho likamtoka, kisha akamshika mkono wakaondoka. Kule shambani alimchimbulia viazi vilivyooza ardhini. Walirudi wakizungumzia ugonjwa wa viazi uliobaki kwenye udongo ule, baba mdogo ndiye akisema zaidi. Suala la msimamizi halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Baba hakupona kabisa. Kanisani mahubiri yalimwacha njiani, na utani wa wenzake ulimpita, jambo lililomuuma kuliko kichwa. Mimi nilikuja kuwa mwalimu karibu na Molo. Mtoto aliposhindwa kujibu, nilimchorea swali ubaoni kabla ya kuamua lolote juu yake. Baadhi waliinuka. Wengine haikuwasaidia, na sikujua ningewafikia kwa njia gani.