Sauti Laini Chini ya Maombi

Kwa miaka sita nilipiga kinanda katika kanisa letu la Kasongo, na sehemu niliyoipenda zaidi haikuwa nyimbo. Ilikuwa ile ya baada ya mahubiri, watu wanapoinama kuomba, na mimi nashika sauti mbili tatu nyororo na kuziacha zielee. Hakuna ngoma, hakuna maneno. Sauti moja inayeyuka ndani ya nyingine polepole, hata hujui imeanzia wapi. Wakulima waliopinda mgongo wiki nzima walilegeza mabega. Wengine walilia bila kujua sababu. Mimi pia nilipumzika pale kuliko kitandani, hasa ile miaka miwili mama alipopooza, nikawa namwogesha na kumgeuza kila asubuhi kabla ya kwenda shambani.

Asubuhi moja vidonda vya mgongoni vilimliza mama kama mtoto mchanga. Nilimwomba Mungu amchukue. Wiki mbili baadaye akafa.

Sikuweza kulibeba hilo peke yangu. Nilimwendea pasta wetu, aliyenifundisha kinanda yeye mwenyewe tangu nikiwa msichana, nikamweleza yote katika kachumba kaliko nyuma ya kanisa. Alinishika kichwa, akaomba.

“Neno hili litabakia hapa,” aliniambia. “Enda na amani.”

Nikaenda na amani kweli.

Miezi michache baadaye dada yangu mkubwa, aliyeolewa Kabambare, alikuja kunisalimia. Jumapili hiyo pasta alihubiri juu ya kuheshimu wazazi. Karibu na mwisho aliinua vidole viwili, ishara yetu, nami nikaanza kupiga zile sauti laini.

“Hapa katikati yetu,” alisema kwa upole, “iko mutu mumoja. Alikuwa anaogesha mama yake kila asubuhi, na huku anaomba Mungu amuue.”

Hakutaja jina. Hakuhitaji. Dada yangu, kwenye benchi ya pili, aligeuza kichwa taratibu akaniangalia. Vidole vyangu havikusimama. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: niliendelea kupiga, nikabadilisha sauti palepale panapostahili, na watu wakaanza kulia.

Ibada ilipokwisha nilimfuata pasta kwenye kachumba kake.

“Pasta, uliniambia litabakia hapa.”

“Sikutaja jina lako, mutoto yangu.” Alikuwa anapangusa miwani. “Umeona vile watu wametubu? Na wewe, leo umepiga vizuri kuliko siku zote.”

Nyumbani dada yangu hakukaa hata kitini.

“Ni kweli?”

“Ni kweli, yaya, dada yangu.”

Aliingia chumba alicholala. Akafunga mzigo wake, akaita pikipiki.

“Mimi ungeniambia,” alisema akiwa ameshapanda. “Mimi pia ni mutoto wake.”

Tangu hapo anapokea simu yangu, ananiuliza hali, basi.

Sikurudi kwenye kinanda. Lakini siku zile za kukaa nyumbani nilimkumbuka mjane mmoja anayeuza mafuta ya mawese sokoni. Mwaka uliotangulia pasta alisimulia habari ya “mwanamuke mumoja” ambaye mtoto wake wa mwisho hakuwa wa marehemu mumewe. Mjane yule akaacha kuja kanisani. Siku ile pia vidole viwili viliinuka, na mimi nilipiga, nikaona ni neema tupu. Sikujiuliza hata kidogo pasta alilisikia wapi neno hilo.

Nilimwendea sokoni, nikachuchumaa mbele ya madumu yake.

“Mama, naomba unisamehe. Siku ile mimi ndiye nilikuwa napiga.”

Aliendelea kumimina mafuta mpaka chupa ikajaa.

“Ulikuwa unasikia vile anasema?”

“Nilikuwa nasikia.”

“Mimi nilifikiri uko na muziki yako tu, hausikie kitu.” Akaikaza chupa kizibo, akamgeukia mteja aliyesimama nyuma yangu. “Mama, karibu. Unataka ngapi?”