Palizi Ndani ya Tangi la Samaki

Mimi si mtu wa subira, na wanaonijua sokoni Newala watakwambia hivyo kabla hujauliza. Nashona nguo. Mteja akija kuulizia gauni kabla ya siku tuliyopatana, namwonyesha kitambaa chake hakijaguswa na mkasi na namkaribisha ajishonee. Kwa hiyo jirani yetu aliyehamishwa kikazi aliponiachia tangi lake la samaki, la kioo, mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Alisema samaki hao watakufa kwa kugombezwa.

Hawakufa. Ni visamaki vidogo vyenye mikia mipana ya rangi rangi, vinakula chochote na kuzaana bila kuombwa. Kilichonitoa jasho ni majani. Yule jirani alikuwa ameweka majani ya plastiki ya rangi ya waridi, na mimi sikuyapenda hata kidogo. Nilitaka majani ya kweli, yanayoota. Nikamwomba dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa akishuka bonde la Ruvuma aning'olee majani ya majini huko vidimbwini, aje nayo kwenye ndoo. Aliyaleta, akanicheka na yeye, akapokea nauli yake.

Nilipanda vibaya tangu mwanzo. Nilichota udongo mwekundu wa uani kwetu, nikaulaza chini ya tangi, nikachomeka majani, nikamimina maji, na tangi zima likageuka rangi ya chai. Nikautoa wote, nikaweka mchanga wa mtoni. Halafu nikalisogeza tangi dirishani lipate jua, maana kwa akili yangu mmea ni mmea. Jua likaotesha utando wa kijani kwenye kioo, ukatanda mpaka samaki ukawasikia tu wakigonga juu wakati wa kula. Hapo nikampigia simu muuza samaki wa mapambo aliyeko Mtwara, ambaye yule jirani alikuwa ameniachia namba yake.

Ni mtu mpole, anaongea taratibu mpaka unatamani kumsukuma. Alinieleza niliondoe tangi dirishani, niweke taa na niwe naizima usiku, nisiwalishe samaki kupita kiasi, na nisihangaike majani ya kwanza yakioza. Alisema mmea ukihamishwa huyaacha majani ya kule ulikotoka, kisha huotesha mengine ya hapa ulipo. Hayo yote niliyakubali. Mwisho akaniambia kila wiki nipunguze sehemu ya maji, niyamwage, niweke mapya.

Nimwage maji. Newala.

Nilimuuliza kama anajua anaongea na mtu wa wapi. Kwetu bomba hutoka kwa mgawo, na mgawo wenyewe hauna miadi na mtu. Nyumba yetu ina kisima cha kuvunia mvua ya paa, na tangu mvua zinapokatika mpaka zinaporudi, kile kisima tunakichungulia kila tunapochota. Maji yaliyoosha mchele yanaloweka vyombo, yaliyoosha vyombo yanakwenda chooni. Mtu mzima kuonekana anamwaga ndoo ya maji mchangani, watu wangeitana waje watazame. Basi nikaamua kivyangu. Maji yakipungua kwa joto, naongeza jagi moja juu, basi. Sikumwaga hata tone, nikajiona nimemshinda ujanja yule bwana wa Mtwara.

Majani hayakukubaliana na ujanja wangu. Yale marefu yakaanza kuwa kahawia kwenye ncha, mapana yakatoboka, na yote yakavaa vumbi la kijani lisilotoka hata ukilipangusa kwa vidole. Nikawa naongeza maji na kuongeza hasira.

Wakati huo ndipo mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi. Baba mkwe alikuwa amefariki, na mama alikuwa ametoka eda kule Lisekese, Masasi, walikoishi miaka yao yote ya ndoa. Binti yake mkubwa, anayekaa Masasi mjini, alikuwa amemkuta mara mbili jiko limepoa tangu jana yake. Alikuwa halii, haumwi, ila ameacha tu kujipikia. Watoto wakakubaliana aje kwetu. Mume wangu, ambaye ni kitinda mimba wake, aliniambia waziwazi kwamba mama akirudi kukaa peke yake katika ile nyumba, tutakuwa tunasubiri simu ya msiba. Sikuhitaji kuambiwa. Mama yangu mzazi simkumbuki vizuri, na huyu ndiye aliyenifundisha kupika, kunyamaza panapostahili, na mambo mengine ambayo binti hufundishwa na mama. Nilimtaka abaki kuliko hata alivyotaka mwanawe.

Lakini alikaa kwetu kama mtu anayesubiri basi. Ukimwamkia shikamoo anaitika marahaba, ukimpa chakula anakula kidogo na kukushukuru sana, halafu anarudi kuketi kwenye mkeka wake. Kazi hatukumwachia. Akishika ufagio nauchukua, akigusa sufuria namwambia apumzike. Nilidhani ndiyo heshima.

Tangi langu hakulisemea neno, ila nilimwona anavyolitazama. Yeye ni mzaliwa wa huku huku Newala. Alipokuwa msichana alishuka genge mpaka bondeni na mtungi, akapanda nao kichwani, na hayo ndiyo yalikuwa maji ya nyumba nzima. Mzee, Mungu amrehemu, alipenda kumtania kwamba alikubali kuolewa Lisekese kwa kukimbia kiu. Sasa amerudi uzeeni, anakuta mkwewe kajaza maji ndani ya kioo, wanaoga samaki. Nilikuwa naona aibu, na nikiona aibu huwa nanuna, basi tukawa tunapishana pale sebuleni kila mtu na lake.

Siku moja cherehani ilinikatikia mkanda, nikarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa amesimama kando ya tangi, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, khanga ameikaza kiunoni. Uso wake ulikuwa umechangamka. Sikuwa nimemwona hivyo tangu msiba.

"Nimekupalilia, mwanangu," alisema. "Lilikuwa limekushinda."

Nikatazama. Ndani ya tangi kulikuwa na mchanga, maji yaliyovurugika, na samaki waliochanganyikiwa. Hakukuwa na jani hata moja. Alikuwa amepalilia kama anavyopalilia chini ya mikorosho, mpaka pawe peupe. Yale majani anayajua vizuri, ni magugu ya majaruba ya mpunga kule bondeni, na aliyaona yamewasonga samaki wangu, tena machafu, nami sina habari. Ameyang'oa moja moja na mizizi yake. Kisha ameyapeleka uani, akayarundika mizizi ikiwa juu, jua liyamalize yasichipue tena. Kazi safi kabisa.

Jamani, nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakapata joto. Nikasema ahsante mama, nikaingia jikoni, nikafunika sufuria iliyokuwa tayari imefunikwa. Nilijua neno moja baya likinitoka, huyu mama hatalala tena chini ya paa letu, na nilijua pia kwamba kila dakika ninayokaa jikoni jua linaendelea na kazi yake. Nikazungukia mlango wa nyuma kimyakimya. Nikachutama kwenye lile rundo, nikaanza kuchambua. Ya juu yalikuwa yamekauka, ukiyashika yanasagika. Ya chini yalikuwa bado na ubichi kidogo kwenye shina. Nikawa nayatia kwenye bakuli la maji, na sikusikia mtu akija.

"Kumbe uliyapanda?"

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamjibu kwamba ndiyo, niliyapanda. Aliingia ndani, na mchana ule hakula.

Kesho yake asubuhi nilimkuta barazani ameshavaa, mkoba wake umefungwa, uko miguuni. Mume wangu alikuwa amesimama karibu yake, hajui aweke wapi mikono. Mama alikuwa amemwomba ampeleke stendi. Alisema uzee umeanza kumfanya aharibu nyumba za watu, na ni afadhali akaharibu ya kwake. Alisema kwa upole, bila kumlaumu mtu, na huo upole ndio ulioniumiza. Mume wangu alinitazama. Yeye hajui kubishana na mama yake, hakuwahi kujua.

Mimi najua kubishana na kila mtu. Nilikaa chini pale pale sakafuni mbele yake, nikamwambia, "Mama, yalikuwa yanakufa kabla hujayagusa. Yamenishinda kweli, kama ulivyosema. Ukiondoka leo, haya yaliyobaki nayaua mimi."

Nadhani alikuwa anapima kama namfariji tu. Nikaenda kumletea lile bakuli, akashika shina moja, akaligeuza, akauliza nani amenifundisha kufukia mpaka shingoni. Nikasema hakuna aliyenifundisha. Akasema anaona.

Tulipanda pamoja asubuhi ile, na mume wangu akachelewa kazini kwa sababu ya kutushikia taa. Mama alikuwa akichomeka kama wanavyochomeka miche ya mpunga, mizizi ndani, shingo nje, akiacha nafasi kati ya mche na mche. Hakujua kila kitu. Alitaka tutie na samadi ya mbuzi chini ya mchanga, na ilibidi tumpigie simu bwana wa Mtwara, ambaye kwa mara ya kwanza alisema neno kwa haraka, nalo lilikuwa hapana. Halafu mama akanusa vidole vyake, akaniuliza haya maji yalibadilishwa lini.

Nikamwambia ukweli, kwamba sijawahi kumwaga. Nilitegemea anisifu, mtu aliyebeba maji kichwani kutoka bondeni. Akasema maji yamechoka, mmea gani utakubali kukaa humo. Nikamwambia hapa Newala siwezi kumwaga maji chini. Akaniuliza nani amesema chini. Akatoka nje, akazunguka nyuma ya jiko akipima kwa macho, na siku ile ile akaomba jembe.

Kiangazi kile tulikuwa na kitalu cha mchicha na matembele nyuma ya jiko, kitu ambacho mtaani kwetu watu hawajisumbui nacho mpaka mvua. Kila Jumamosi tulikuwa tunapunguza maji ya tangi, yeye anayapokea kwa ndoo na kuyagawa kwa kopo kwenye mashina, na mimi namimina mapya ya kisimani niliyoyalaza kwenye ndoo. Mchicha ulipenda yale maji ya samaki kuliko chochote. Na majani ndani ya tangi, yale machache yaliyonusurika, yalikaa kwanza bila dalili yoyote nikaanza kukata tamaa, kisha yakatoa vijani vidogo, vya kijani kibichi, vimesimama. Yale ya zamani yakaoza, tukayaondoa. Mama alikuwa anasogeza kigoda chake karibu na kioo kila asubuhi baada ya swala, anahesabu vichipukizi, anakuja kunipa ripoti kabla sijanawa uso. Akaanza kupika pia. Sikumnyang'anya mwiko tena.

Bado nilikuwa na hofu. Mkoba wake ulikuwa bado pembeni ya kitanda, na wala hakuwahi kutamka kwamba anabaki. Mume wangu hakuthubutu kuuliza, na mimi pamoja na mdomo wangu wote sikuthubutu pia.

Mvua zilipokuwa zimekolea, binti yake wa Masasi alipiga simu. Mama aliiweka simu kwenye spika, kama kawaida yake, hivyo tulisikia wote. Binti alisema nyumba ya Lisekese imeezekwa upya, haivuji, imepakwa na rangi, na wamempatia msichana wa kukaa naye. Gari lipo. Waje kumchukua Jumapili?

Nilikuwa mbele ya tangi na mkasi wangu mdogo wa cherehani, napogoa majani yaliyofika juu ya maji. Mama alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchicha. Aliwashukuru wanawe mmoja mmoja kwa kuezeka, akauliza bati ni la rangi gani, akaombea dua waliochangia.

"Jumapili njooni," akasema, "lakini mje na kitanda changu. Hiki ninacholalia hapa ni cha wageni."

Kisha akaendelea na mchicha wake. Nililia pale pale mbele ya samaki, na sikukata jani jingine siku ile kwa sababu nilikuwa sioni.