Ngazi Iliyolala

Binamu yangu alinipigia simu mwezi uliopita kunieleza kwamba nauaibisha ukoo. Shamba aliloniachia bibi, huko juu Lushoto, njia ya kwendea Kwai, lina ngazi moja iliyojaa majani hadi magotini, na wapita njia wanauliza kama mwenyewe amekufa. Nilimshukuru kwa taarifa, nikamwambia bado nipo hai, na kesho yake nikapanda gari kutoka Tanga. Sikwenda kulima. Nilikwenda kuyatazama hayo majani kwa macho yangu, na nilipoyakuta yamesimama vizuri, yamelowa ukungu, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana bila kumjua bibi utanidhania mvivu.

Kwetu hakuna tambarare. Anayetaka kulima huukata mteremko ngazi kwa ngazi, na kila ukingo huoteshwa majani ya gwatemala yashike udongo na kulisha ng'ombe. Bibi alikuwa na ngazi saba. Sita alizipanda maharage, viazi, kabeji na mahindi. Ya saba ililala. Haikutiwa jembe mwaka mzima, na mwaka uliofuata ilipandwa hiyo ikalala nyingine, kwa zamu. Alikuwa amesikia kanisani kwamba Mungu aliagiza nchi ipumzike kila mwaka wa saba, na hakuona popote palipoandikwa "isipokuwa Lushoto."

Mimi nililelewa naye, na malezi yake yalikuwa ya udongo. Alfajiri tulipanda na vikapu vya samadi kichwani, maji yake yakitiririka shingoni, na ole wake aliyekunja pua. Bibi alisema Mungu haachi kitu kipotee: hata alichokiangusha ng'ombe anakigeuza kabeji, kwa hiyo asimsikie mtu akisema fulani ameharibika hafai tena. Ukungu nao alikuwa na neno juu yake. Ulikuja bila radi wala kelele, na tukiinuka kunyoosha migongo tulikuta kila jani limekwisha kunyweshwa. Maombi mengi hujibiwa hivyo, alisema, na wanaosubiri ngurumo watakuta wenzao wameshavuna viazi. Saa nne tulikaa ukingoni tukala magimbi yaliyochomwa kwenye majivu, na mboga chungu ya mchunga iliyochanganywa na maharage, na chai ya maziwa yenye harufu ya moshi. Sijawahi kula hotelini kitu kilichoushinda mlo ule, na nimekula hoteli kadhaa.

Nilipokuwa darasa la kipaimara, mwinjilisti alitukaririsha kwamba mtu huokolewa kwa neema, si kwa matendo. Nilikariri kama kasuku. Nikamuuliza bibi maana yake, kwa sababu nyumbani mwake sikuwahi kuona kitu kikipatikana bila kufanya kazi. Alinichukua hadi ngazi iliyolala, akaniambia nizamishe vidole. Udongo ulikuwa mweusi, laini, una nyungunyungu, unanukia mvua hata kama mvua haikunyesha. Kisha tukavuka mpaka hadi kwa babu mdogo, yaani mdogo wake marehemu babu, aliyelima kila shubiri bila kuipumzisha. Kule vidole viligota. Bibi akaniuliza ni nani aliyeulainisha ule wa kwetu wakati sisi hatukufanya lolote. Nikamwambia Mungu. Akasema basi, neema ndiyo hiyo, kamwambie mwinjilisti umeelewa.

Lakini kulaza ardhi milimani ni kujitafutia maneno. Mashamba ni haba, na katika ukoo wetu kipande kisicholimwa kilihesabiwa hakina mtu. Mwanamume wa ukoo akikitia jembe akapanda, basi amekishika, na kumtoa ilikuwa kazi ya miaka. Bibi alikuwa mjane. Babu mdogo aliitazama ile ngazi kila mwaka kama paka anavyotazama maziwa, na ilipofika zamu ya ngazi ya kati, iliyo pana kuliko zote, uvumilivu ukamwisha.

Alichagua Jumapili, maana alijua bibi hakosi ibada. Jambo moja tu lilimponyoka: yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa letu limesimama ng'ambo ya bonde, linautazama mteremko wetu uso kwa uso. Sijui kama alidhani ibada itakuwa ndefu. Siku hiyo ilikuwa fupi. Tulitoka nje kwa ajili ya mnada wa sadaka, watu wakawa wananadi mayai na mikungu ya ndizi, mara mtu mmoja akanyoosha kidole. Na sisi sote, usharika mzima katika nguo zetu za Jumapili, tukamwona mzee wetu wa kanisa katikati ya shamba la mjane, anapiga jembe siku ya Bwana.

Bibi alifunga kitenge vizuri, akateremka bondeni, akapanda upande wa pili bila kukimbia. Tulimfuata, mwinjilisti naye. Tulipofika alikuwa ameshakaa chini kwenye udongo uliochimbwa, mbele kabisa ya jembe, na gauni lake jeupe la kwaya.

Babu mdogo hakuwa mtu mbaya, nikumbuke kusema hivyo. Alikuwa na watoto wengi. Alieleza mbele ya wote kwamba ardhi ya ukoo haiwezi kukaa bure watu wakila mara moja kwa siku, kwamba mjane hana nguvu za kulima ngazi zote, na kwamba hizo habari za mwaka wa saba ni za Wayahudi wa zamani. Niliona baadhi ya watu wakitikisa vichwa kukubaliana naye. Nilikuwa nimeshika mkono wa bibi na nilijua kwamba akinyanyuka pale, tumekwisha.

"Shemeji," bibi alisema, "Bwana Yesu alilala chomboni, dhoruba inavuma. Ulisikia mtu akisema huyu hana kazi, tumnyang'anye chombo?"

"Hayo ni mengine, shemeji."

"Ni hayo hayo. Aliyelala hajaacha kuwa mwenyewe. Nitakaa hapa mpaka uondoe jembe lako, na kama ni mpaka mvua za vuli, mjukuu wangu ataniletea uji."

Mwinjilisti alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa. Babu mdogo akatazama ng'ambo kwenye kanisa, akatutazama sisi, akabeba jembe begani akaondoka.

Babu mdogo hakumsamehe. Hakumsalimia bibi tena mpaka alipokufa, na mwaka ule nyumba zake zote hazikutugawia hata plamu moja. Jirani yetu, mama wa Kiislamu, ndiye aliyetuletea maharage tulipopungukiwa. Na ningependa kukuambia kwamba mwaka uliofuata ngazi ile ilizaa mara mbili. Hapana. Mvua ya mawe iliipiga, tukavuna kama wengine. Watu walisubiri waone bibi akinywea. Yeye alisema hakuilaza ardhi ili alipwe, na zamu ilipofika akailaza nyingine.

Sasa amelala yeye. Mwinjilisti yule amekwenda, na kingo za gwatemala zimeng'olewa karibu kila shamba ili kuongeza mstari mmoja wa kabeji. Kijito cha bondeni tulichokinywa kwa viganja hugeuka chekundu mvua ikinyesha, ni mlima unateremka kwenda Mombo kidogo kidogo. Asubuhi huamshwi tena na vyura, unaamshwa na pampu za kunyunyizia dawa. Inaniuma, na sitajifanya hainiumi.

Jioni ya siku ile niliyopanda kutoka Tanga, binamu alinikuta ukingoni. Yeye ni mjukuu wa babu mdogo, kijana mchapakazi, ana mpangaji aliye tayari kuikodi ngazi hiyo alime nyanya. Alinisalimia shikamoo kwa heshima zote, akanieleza kwamba wazee watakaa kikao kuhusu ngazi isiyolimwa, na kwamba mtu wa Tanga hawezi kuishinda hoja ya njaa. Nikamwambia ni zamu ya ngazi hii kulala, nitakuja kwenye kikao, na aje na jembe akipenda. Akashusha pumzi. Akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayezungumza na mgonjwa:

"Dada, kwani mwaka huu hapa utavuna nini?"

"Sivuni kitu," nilimjibu, na nilisema kwa sauti, ng'ambo ya bonde wanisikie.