Mwanne Hakuweza Kuanzia Katikati

Kila ndege huruka kwa ubawa wake, lakini Sista Mwingereza aliyefundisha ukunga Kisarawe mwaka 1954 alitaka wanafunzi wake wote waruke kwa ubawa mmoja. Zena alisoma kitabu akafumba macho, akauona ukurasa. Biasha hakuelewa mpaka ashike kitu. Mwanne wa Msimbu alijifunza kama alivyozoeshwa chuoni kwa maalimu wa Kurani: alitikisa mwili mbele na nyuma, akaghani hatua za kazi toka ya kwanza hadi ya mwisho. Ukimkatiza, ndiyo basi, lazima arudi mwanzo.

Sista akiuliza hatua ya katikati, Mwanne hukodoa macho tu. Mara ya mwisho aliambiwa akishindwa tena afungashe virago. Na nyumbani mjomba wake Kondo alikwishasema jembe lake lipo.

Asubuhi moja akaletwa mama kutoka Vihingo, mtoto anakaribia kutoka. Alitoka kweli, wa kijivu, kimya. Sista akamvuta ute kinywani, mara akaona mama anavuja damu vibaya. Akamkabidhi Mwanne mtoto.

"Ute nimeshauvuta. Endelea."

Endelea! Kwa Mwanne hilo lilikuwa neno baya kuliko yote. Kichwa kikawa cheupe. Akirudi mwanzo Sista atamsikia, asiporudi mtoto anakufa mikononi mwake. Kichanga kikazidi kulegea.

Akaanza mwanzo, kwa sauti, akitikisika. Mpokee, mfute uso, inamisha kichwa, vuta ute, na aliposema msugue mgongo, mikono tayari ilikuwa ikisugua. Mtoto akakoroma, akapiga chafya, akalia. Mwanne naye akalia.

Damu ya mama ilipokatika, Sista alinawa mikono taratibu. Mwanne akaanza kufungua aproni yake.

"Iache," Sista akasema. "Huyu amekusubiri. Mwingine hatakusubiri."

Kuanzia kesho yake alimwamuru aghani mbele ya wenzake, akimkatiza popote, akamtaka aendelee palepale. Mwanne alimchukia kwa moyo wote, na hakuficha. Aliimba akikatizwa, akilia, akianza tena, hadi akaweza kudakia popote.

Mwaka uliofuata alikuwa mkunga peke yake Pangani ya Kibaha, mtoto mwingine akatoka kimya. Ute alikuwa ameshauvuta. Mwanne hakuimba. Alimsugua mgongo.