Soda Iliyofunguliwa Jikoni

Mhudumu wa mgahawa ule wa Nyamirambo alimkera Munyakazi kwa jambo moja kuliko hata wali uliopoa: kila siku alileta soda ikiwa imeshafunguliwa. Kigali mgeni hufunguliwa chupa mbele ya macho yake, asije akadhani ametiliwa kitu. Yule mwanamke aliitoa jikoni ikiwa wazi, kaishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia kauficha chini ya aproni, akaiweka mezani na kwenda zake. Siku ya nne Munyakazi alichoka. Akamwita mwenye mgahawa, akalalamika, watu wote wanasikia.

Mhudumu akarudi na chupa iliyofungwa. Mpishi, aliyezoea kumfungulia, alichungulia mlangoni kisha akarudi ndani. Mhudumu akaibana chupa kifuani, akautoa ule mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vimekakamaa, havikunjuki. Opena ikateleza. Ikateleza tena.

“Lete, dada, nitafungua mwenyewe,” Munyakazi akasema, mikono ameshainyoosha.

“Hapana, mzee,” akajibu taratibu, bila kumtazama. “Ulitaka uone.”

Mgahawa mzima ukamsubiri aifungue.